Besi Kumi na Moja Ndani ya Soksi

Anayesikia la mkuu ndiye huvunjika guu. Najua wengine huusema kinyume chake, lakini wao hawakuwa kwenye kwaya yetu. Mwaka jana nililisikia la mkuu, nikalisikia lote, na guu langu likavunjika mbele ya kanisa zima. Mwaka huu niliziba masikio, na leo natembea wima.

Mkuu mwenyewe ni Shangazi Fusi, dada mkubwa wa baba. Kwetu Fangaloto, kijiji cha kisiwani, shangazi si mtu wa kubishana naye. Akiingia nyumbani kwa kaka yake, aliyekalia kiti anakipisha. Akipenda mkeka wako, mkeka ni wake. Hayo hayana neno, ndivyo tulivyolelewa. Taabu ni kwamba Shangazi Fusi ndiye pia kiongozi wa kwaya, mwaka wa thelathini sasa, na fimbo yake ya kuongozea imeshakatika mara mbili juu ya meza na mara moja mgongoni mwangu.

Kwaya yetu haina kinanda. Ni makoo tu, sauti nne, na besi ndio nguzo za nyumba. Nguzo hizo ziko Australia zinachuma matunda. Mwaka jana walikwenda wanaume tisa, mwaka huu kumi na mmoja, akiwamo kaka yangu Kitione, na Lisiate, mtoto wa pekee wa Shangazi. Wanaume wa sauti ya teno tumebaki nao watatu, walimu wawili na baba yangu ambaye mgongo wake hauwezi ngazi. Kwa besi tumebaki na babu Nafetali na kikohozi chake.

Mwaka jana Shangazi alisema, "Tutaimba bila besi. Mungu si kiziwi."

Tukaenda siku ya kwaya kule Holomaka, kijiji cha jirani ng'ambo ya maji. Mungu huenda alisikia, lakini Holomaka nao walisikia. Tulipofika kwenye kiitikio, sauti zetu zikielea juu kama nguo zilizoanuliwa na upepo, mwanamke mmoja wa benchi la nyuma akasema bila hata kunong'ona, "Kuku wa Fangaloto wanataga bila jogoo!"

Kanisa likaangua kicheko. Duka la sukari na unga liko Holomaka, kwetu hakuna. Mwaka mzima, kila nikivuka kwenda dukani, lazima mtu awike. Tena baada ya aibu ile mchungaji akatuita na kutuambia kwa upole, upole unaouma kuliko fimbo, kwamba tusipoweza kujaza sauti nne safari ijayo, tutaunganishwa na kwaya ya Holomaka. Tukae benchi lao la nyuma. Pamoja na yule mwanamke.

Sasa uone kwa nini nilishangilia lilipokuja lile furushi.

Lililetwa na mchumaji aliyerudi mapema kwa ajili ya jino. Ilikuwa soksi ya kazi, nene, imefungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na kisanduku bapa, chembamba kuliko kipande cha sabuni, uso wake wote kioo. Si simu, hakina laini. Ni cha kusikilizia nyimbo, kutazamia filamu na kurekodi, na unakiendesha kwa kugusa kioo. Pamoja nacho kulikuwa na barua. Mama hawezi kusoma bila miwani, na miwani siku hiyo alikuwa ameikalia, kwa hiyo akanipa vyote viwili. Mimi kwa haraka zangu nikakifungua kisanduku kabla ya barua.

Tulikuwa kwenye nyumba ya magome, wanawake saba na mimi, tukipigapiga magome kwa nyundo za mti ili tupate kitambaa cha harusi. Nikagusa kioo. Kikawaka. Filamu ambayo Kitione aliiachia katikati ikaendelea pale pale ilipoishia: mwanamume na mwanamke kitandani, midomo imegandana, na sauti zao zikatujia wazi kabisa, maana nyundo zote zilikuwa zimenyamaza.

Filamu ya kaka yangu. Mikononi mwangu.

Kwetu kaka akitazama filamu, dada hakai hata chumba hicho, lisije likatokea jambo kama hilo wakaliona pamoja wakakosa pa kuweka macho. Nami nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili. Nilipiga kelele, nikakirusha. Kikaangukia kwenye beseni la gundi ya muhogo, kikatua juu ya gundi chali, na wale wawili wakaendelea kubusiana wakielekea darini.

"Mtoeni, mtoeni!" alilia mama, sijui akimaanisha yupi.

Aliyekitoa ni Pisila, kwa mwiko. Pisila ni rika la Shangazi, walicheza pamoja utotoni, na ndiye mtu pekee kijijini anayeweza kumtania. Akakifuta kwa khanga yake, akatazama kidogo, akatazama tena.

"Hawa wamefunga ndoa?" akauliza.

"Kizime, Pisila!" alisema Shangazi Fusi.

"Nakizima wapi? Hakina kitufe."

Ndipo nikasoma barua kwa sauti, huku nimewapa mgongo. *Mama, besi zimo humo, wimbo wa mwisho kwenye orodha. Tuliimbia bafuni kwenye bweni letu, ndimo sauti inamorudi vizuri. Wote kumi na mmoja tumo. Usimpe Naite akifungue, mna mambo yangu.*

"Umechelewa, mwanangu," alisema mama.

Pisila akatafuta wimbo wa mwisho. Ukatoka mdogo, kama nyuki ndani ya kopo. Yeye akaangaza macho, akaliona bakuli kubwa la mti ambamo wanaume hunywea kava, kinywaji chao cha mizizi kinacholegeza viungo, lile lililokaa pembeni bila kazi tangu waondoke. Akakitia kisanduku ndani yake. Mti ule ukaichukua sauti ukaikuza. Tukasikia kugonga mara nne, ko, ko, ko, ko, halafu wanaume kumi na mmoja wakashuka chini kwa pamoja, hadi nyundo yangu ikatetemeka juu ya gogo.

Ulikuwa wimbo wetu. Besi zake tupu, zikisubiri wenzake.

"Shangazi," nikasema, "tumepona."

"Nani kasema?" akajibu Shangazi Fusi. Akajifunga vizuri mkeka wake kiunoni, ule tunaouvaa juu ya nguo kwa adabu, akakaa kama hakimu. "Leteni faida zake. Halafu nitaleta hasara zake."

Wanawake walifurahi. Kupiga magome kunachosha, na kesi ni mapumziko.

"Faida," nikaanza, "ni besi kumi na moja, na hawali."

"Hawakohoi," aliongeza mama.

"Hawaji mazoezini wamekunywa kava," alisema mwingine, na hapo kila mwenye mume akaitikia kama kanisani.

"Kinaingia mfukoni," nikasema. "Hakipigiwi simu. Hakiombi mtandao. Tunaweza kuurudia mstari mmoja mara hamsini na hakuna atakayenuna."

"Umemaliza?" Shangazi alinyoosha kidole. "Basi sikiliza. La kwanza, kimekuletea mambo ya kaka yako usoni mchana kweupe. Hiki ni kaka na dada ndani ya mfuko mmoja. La pili, kinakula umeme, na umeme wetu ni jua. Kukiwa na mawingu, Lisiate na wenzake wanakufa wote kumi na mmoja kwa mkupuo. La tatu..." Akakigusa kioo. Hakikufanya kitu. Akakibonyeza. Akakigonga kama mlango wa mtu mwenye deni. "La tatu, kina dharau."

"Si dharau, Shangazi. Vidole vyako vina gundi iliyokauka. Kiguse kidogo, kama unagusa sufuria ya moto."

"Miaka hamsini ya nyundo, Fusi," alisema Pisila. "Hivyo si vidole tena, ni pembe."

"La nne!" Shangazi alipaza sauti juu ya kicheko. "Nikiinua fimbo kuwasimamisha waimbaji, hicho kitasimama?"

Nikalitazama bakuli.

"Jibu, Naite. Kitasimama?"

"Hakitasimama."

"Nikitaka mstari wa tatu uende polepole?"

"Kitaenda kinavyokwenda."

"Basi kiongozi wa kwaya ni nani? Mimi, au kitu cha mfukoni?"

"Sema tu unakionea wivu kwa sababu ni chembamba," alisema Pisila.

Lakini hukumu ilikuwa imeshapita. Shangazi Fusi akakichukua kisanduku kutoka kwenye bakuli, akakirudisha kwenye soksi, soksi akaitia kikapuni mwake. "Cha mtoto wa kaka yangu ni changu," alisema. "Nitakilinda. Na tutaimba bila besi. Mungu si kiziwi."

Mama alinikanyaga mguu nisijibu. Nikapokea tena nyundo yangu, nikapiga gome hadi likatoboka.

Zilibaki wiki tatu. Mazoezi yalikuwa yale yale ya mwaka jana: namba za nota ubaoni kwa chaki, safu ya besi kiti kimoja, na juu yake babu Nafetali akikohoa palipo na pumziko na penginepo. Wiki ya pili nikaenda kwa Shangazi kumwomba tena. Nilimkuta sebuleni, amelala kifudifudi juu ya mkeka, uso chini. Nikadhani anaumwa.

Kumbe alikuwa anatazama filamu. Vidole vilipokataa, alikuwa amegundua pua. Anainamisha kichwa, anagusa kioo kwa ncha ya pua, anarudi nyuma kutazama kilichotokea, anainama tena. Kama kuku anayedonoa.

"Shangazi!"

Hakushtuka. "Nakilinda," alisema.

"Kwa pua?"

"Nakilinda kwa karibu. Kaa huko huko, usitazame, ni mambo ya kaka yako. Huyu mwanamke ni mjinga sana, Naite. Mwanamume anamdanganya tangu juzi."

Nikakaa nimeupa ukuta uso, tukaongea hivyo. Nilimwambia juu ya mchungaji na benchi la nyuma. Akaguna. Nilimuuliza kama ameusikiliza wimbo wa mwisho, japo mara moja, peke yake.

Pua ilisimama. "Wa nini? Sauti ya Lisiate naijua."

"Miezi mitano hujaisikia."

"Toka, mtoto wewe," alisema, lakini si kwa ukali. "Kila mara chaji inakwisha pale pale mwanamke anapotaka kumwambia mtu ukweli. Hiyo ni hasara ya tano, iandike."

Asubuhi ya siku ya kwaya nilikuwa nimeshaamua. Bahari ilikuwa imekupwa, watu wakijiandaa kuvuka kwa miguu kwenda Holomaka, wote wamevaa nyeusi na mikeka mipya viunoni. Shangazi alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, akiimba alto. Kikapu chake kilikuwa barazani. Nikafungua soksi, nikatoa kisanduku, mahali pake nikatia kipande cha kiazi cha jimbi kilichochemshwa, nikafunga fundo lile lile. Kwa uzito huwezi kujua.

Ilinibidi nikifungue nihakikishe. Nikapita kwenye orodha ya Kitione, na picha zake, na wale wawili wakiwa bado kitandani, nadhani sasa wameoana. Niliona. Sikufumba macho, kwa sababu aliyefumba macho hafiki kwenye wimbo wa mwisho. Wimbo ulikuwepo. Chaji iliyobaki ilikuwa mstari mwembamba mwekundu. Shangazi alikuwa amekesha na mjinga wake.

Nikamwambia Pisila peke yake. Akaenda nyumba ya magome, akaja na lile bakuli la kava kichwani.

"La nini hilo?" Shangazi alimuuliza njiani.

"La kupokelea zawadi," alijibu Pisila.

Kanisa la Holomaka lilijaa hadi madirishani. Tulipoitwa, kabla hata hatujasimama, yule mwanamke wa benchi la nyuma aliwika. Kichinichini, kwa mkono mdomoni, lakini kila mtu alisikia. Nikaona mabega ya Shangazi yakipanda. Akatupanga. Akainua fimbo.

Pisila akaweka bakuli sakafuni, mahali palipokuwa pa besi. Mimi nikatoka kwenye safu yangu, nikachukua maikrofoni ya mchungaji juu ya mimbari, nikaining'iniza ndani ya bakuli, nikatia kisanduku, nikagusa kioo.

"Naite," alisema Shangazi kwa meno.

Ko, ko, ko, ko.

Lakini kabla ya wimbo ikatoka sauti ambayo siku ile kwenye nyumba ya magome hatukuisikia, maana Pisila alikuwa ameuanzia mbele. Nilikuwa nimeuanzisha mwanzo kabisa. Ni Lisiate, sauti nzito, ikirudirudi kwenye vigae vya bafu: "Simameni wima nyie, msiegemee ukuta. Mnadhani mama hatuoni?"

Kicheko, maji yakidondoka mahali, halafu tena ko, ko, ko, ko.

Fimbo ya Shangazi ilikuwa bado hewani. Nilimwona akilitazama bakuli. Alikuwa na kugonga mara nne tu za kuamua, na kwa kugonga mara tatu hakuamua. Kwenye ya nne akaishusha.

Tukaimba. Mama yangu, tuliimba! Besi zilipoingia, madirisha ya Holomaka yalinguruma. Sijawahi kusimama juu ya sauti imara namna ile. Ni kama kutoka kwenye ngalawa ukakanyaga nchi kavu. Mstari wa pili Shangazi alisahau kabisa kwamba bakuli halina macho. Akaligeukia, akaliongoza. Akalinyooshea fimbo liingie, akalinyanyulia mkono lipunguze, na kwa kuwa wale wanaume wameimba chini ya fimbo yake tangu utoto, walipunguza pale pale. Hawakuhitaji kumwona. Fimbo yake walikuwa wanaijua.

Tukafika ukurasa wa mwisho, na mstari mwekundu ukafika mwisho wake. Kabla ya Amina, besi kumi na moja zikakatika kama uzi.

Ni pumzi moja tu. Niliona benchi la nyuma likijiandaa. Ndipo Shangazi Fusi, alto wa miaka thelathini, akafungua mdomo akashuka. Alishuka chini, akashuka tena, hadi mahali ambapo sikujua kwamba mwanamke anafika, akaishika ile Amina ya besi peke yake, macho ameyatoa, mishipa ya shingo imesimama. Babu Nafetali akamfuata. Kwa mara ya kwanza mwaka huu hakukohoa.

"Mālie!" mtu alipiga kelele ya sifa nyuma. "Mālie!" wakaitikia wengine, na mzee mmoja wa Holomaka akasimama akacheza pale pale kwenye ujia. Yule mwanamke wa kuwika alikuja baadaye kumuuliza Pisila, kwa adabu zote, vitu hivyo vinapatikana wapi. Mchungaji alichukua maikrofoni yake, akatazama ndani ya bakuli, akasema haoni haja ya kuunganisha kwaya yoyote na yoyote.

Nje, Shangazi alitia mkono kikapuni atafute kitu cha kufutia uso. Akatoa soksi. Akaifungua. Jimbi likabingirika hadi miguuni pa wazee wa kanisa.

Akalitazama. Akanitazama mimi.

"Kesho," alisema mbele ya wote. "Na majani."

Kila mtu alijua maana yake. Aliyemkosea mkubwa huvaa shingoni taji la majani ya mti wa ifi, anakwenda anakaa chini mbele ya nyumba, kichwa kimeinama, hadi aambiwe inuka. Leo asubuhi mama alikuwa ameshayachuma. Aliyaweka juu ya meza, mabichi, yamesokotwa vizuri.

"Dakika tano tu," Pisila alinishauri. "Unainama, analia, mnakula nguruwe."

Nikapima, kama tulivyopima siku ile kwenye nyumba ya magome. Faida ya kuinama ni nyingi: mama atalala, baba ataacha kutazama pembeni, Kitione huko aliko hatajua lolote. Na makosa ninayo. Nilichukua kitu kutoka kikapu cha shangazi yangu. Nilitazama yaliyokuwa ya kaka yangu. Sikatai hata moja. Lakini hasara ni moja, nayo ni nzito kuliko zote: nikiomba radhi kwa kukitoa kwenye soksi, nimesema kwamba mahali pao palikuwa mle ndani ya soksi. Nimesema hawakupaswa kuimba.

Nikatoka nikiwa shingo wazi. Njia nzima watu walinitazama shingoni. Shangazi Fusi alikuwa barazani, amevaa mkeka wake wa heshima, mgongo umenyooka, tayari kusamehe.

"Majani yako wapi?"

"Yapo mezani kwa mama, Shangazi."

"Yanangoja nini?"

"Sijui. Mimi simo."

Akageuza uso pembeni. Kando yake, juani, kisanduku kilikuwa kimechomekwa kwenye kibao cha umeme wa jua, kioo kinang'aa, na katikati ya kioo alama ya pua.

"Kimejaa," alisema hatimaye. "Nimeutafuta ule wa mwisho tangu alfajiri. Pua inapita tu. Niwekee. Uanzie mwanzo kabisa, pale anaposema wasiegemee ukuta."

Nikapiga magoti, nikamtafutia.

"Nikishausikiliza," alisema, amekiegemeza kisanduku shavuni, "utaniomba radhi."

"Nitakuwekea mara mia ukitaka, Shangazi. Radhi siombi."